Mianzini kwa Herufi Ndogo

Alhamisi, mwezi wa nne, 2008
Chuno, Mtwara

Shajara,

Mvua imeanza kunyesha alfajiri na haijaonyesha dalili ya kukata. Nimeketi katika steshenari ya Mama Neema, kwenye kompyuta iliyo karibu na dirisha, na maji yanapita barazani yakibeba mifuko ya plastiki na majani ya mikorosho. Wateja hawapo. Mama Neema, mke wa mwalimu aliyehamishiwa huku kutoka Mbeya, ameniachia mashine pasipo kuniuliza nitaitumia kwa muda gani, kwa sababu anajua jana nilikuwa wapi.

Nimezoea kuanza kila andiko kwa neno "Yah:" na kulipigia mstari. Leo nimeliandika, nimelifuta, nimeliandika tena. Sijui kwa hakika andiko hili linahusu nini. Linahusu ubao, au mto, au dada yangu.

Kwa wale wanaofika kwenye ukurasa huu wa mtandaoni kwa mara ya kwanza, naomba nijitambulishe. Mimi huandika barua za maombi kwa niaba ya watu. Nilianza katikati ya miaka ya tisini kwa taipureta kuukuu ya mtumishi aliyekuwa akihama, nikiwa na elimu ya darasa la saba na kamusi isiyo na jalada. Nimewaombea watu viwanja, mirathi, uhamisho na msamaha. Hakuna mtu aliyenifundisha namna ya kupanga hoja. Nilijifunza kwa kusoma barua za majibu, hasa zile za kukataa, maana hizo huandikwa kwa uangalifu mkubwa.

Najivunia sentensi iliyonyooka. Hata leo sitalificha hilo.

Kwetu ni Kitaya, ukingoni mwa Ruvuma. Vitongoji vyetu vya huko huchota maji ya nyumbani mtoni, na mtoni kuna mamba. Wanaochota ni wanawake na wasichana. Nimeandika kuhusu jambo hilo mara nyingi kwa miaka mingi, kwa heshima na taadhima, nikiomba visima vya pampu ya mkono. Majibu, pale yalipokuja, yalisema kuwa barua imepokelewa na suala linafanyiwa kazi.

Masika ya mwaka jana Rukia, mtoto wa dada yangu Somoe, alishuka kuchota maji Mianzini, kitongoji chao, na hakupanda tena. Ndoo ilipatikana. Kata yake ya kichwani ilipatikana imekwama kwenye matete. Yeye hakupatikana.

Kwa sisi Wamakonde mtoto wa dada yuko mikononi mwa mjomba. Wakati wa unyago wake mimi ndiye niliyetafutwa, na posa yake ingeletwa kwangu kabla ya kufika kwa baba yake. Kwa hiyo msiba ule ulikuwa wangu wa kusimamia, na mimi niliusimamia kwa njia niliyoijua. Niliandika barua. Ilikuwa barua bora kuliko zote nilizowahi kuandika.

Haikujibiwa.

Baada ya hapo nilikaa nikitafakari kwa nini maneno yangu hayafiki. Niliiona sababu siku moja humu humu steshenarini, Mama Neema alipokuwa akichapa tangazo la kwaya ya kanisa lao. Neno TAMASHA lilijaza nusu ya karatasi, na jina la mwenye zamu ya kufagia ukumbi lilikuwa dogo chini kabisa. Nilimwuliza anabadilishaje. Akanionyesha. Herufi ile ile ikanenepa, ikakonda, ikainama, ikakua hadi ikatoka nje ya ukurasa.

Taipureta yangu ina ukubwa mmoja tu wa herufi. Aliyefiwa na mtoto na aliyepotelewa na mbuzi huandikwa sawasawa. Afisa akiishika karatasi ile, jicho lake linateleza kuanzia juu mpaka kwenye sahihi pasipo kupata mahali pa kusimama. Nikajiambia kwamba, iwapo ukubwa wa herufi unaweza kusema lipi ni tamasha na lipi ni ufagio, basi unaweza pia kubeba hesabu ya watu.

Nikafanya kazi hiyo kwa wiki kadhaa: ramani ya mto iliyoandikwa kwa majina matupu, ya kubandikwa kwenye ubao. Sikuchora mamba wala sikuchora maiti. Nilitaka majina ya mahali yaseme yenyewe. Niliyapanga kwa kufuata kona za mto, kutoka juu kuteremka kuelekea mdomoni, kila mahali pa kuchotea maji kwa jina lake. Kanuni niliziandika pembeni kwa lugha fasaha. Ukubwa wa jina ulifuata idadi ya watu waliodhurika mahali hapo. Herufi nene zilionyesha kwamba walikufa na wakazikwa. Herufi nyembamba zilionyesha kwamba walijeruhiwa wakapona. Herufi zilizoinama zilionyesha kwamba hawakuonekana tena.

Mkwajuni ikawa kubwa na nene, karatasi kadhaa zilizounganishwa kwa gundi. Msufini ikawa ya wastani. Mianzini, ambako alipotea mtu mmoja na hakuonekana, ikawa ndogo kuliko zote, na iliyoinama.

Mama Neema aliitazama kwa muda kabla sijaibandika.

"Mzee Issa, hapa pa mwisho pasiongezwe kidogo? Si ndipo alipopotelea binti yenu?"

Nilimjibu kwamba ombi likitiwa chumvi linapoteza uhalali wake, na kwamba mwombaji asijipendelee mwenyewe. Nilisema hivyo nikiwa nimenyoosha mgongo. Nakumbuka nilijisikia vizuri.

Jana ilikuwa siku ya kuuwasilisha ubao. Mkutano uliitishwa nje ya ofisi ya kijiji, na mhandisi wa maji alikuwa amethibitisha kuja. Binamu yangu Chande alikuja na pikapu ya kukodi kunichukua. Chande ni mtoto wa shangazi, yaani mtani wangu, na utani kwake haupumziki hata palipo na msiba. Tulipouvisha ubao nailoni na kuulaza nyuma ya gari, aliusoma, kisha akacheka.

"Mkwajuni umewaandika kama duka la jumla. Sisi wa Mianzini umetuandika kama yale maneno ya chini ya chupa ya dawa, yanayosema ukizidisha utakufa."

"Ni kwa mujibu wa takwimu," nikamwambia.

"Sawa. Ila dada yako hana miwani, bwana mkubwa. Itabidi apige magoti."

Nilicheka, kwa sababu mtani huchekewa. Sikujua kwamba ameniambia jambo.

Tulipofika na kuusimamisha ubao, vijana wa Mkwajuni walipiga makofi. Mmoja akapiga mluzi. Waliona jina la kitongoji chao limewazidi wote, kubwa na jeusi, jinsi jina la timu linavyoandikwa kwenye fulana, na kwa macho yao walikuwa wamepewa heshima. Huku kwetu kinachoandikwa kwa herufi kubwa ni duka, mgombea, msikiti mpya au timu. Hakuna aliyewahi kuona maafa yakiandikwa kwa ukubwa huo. Wazee wawili wa Msufini walianza kulalamika kwamba wao ndio wakongwe, iweje wawe wadogo kwa Mkwajuni.

Nikasimama nikasoma kanuni kwa sauti.

Makofi yalikatika. Kijana aliyepiga mluzi aliinamisha kichwa. Mwanamke mmoja wa Mkwajuni aliivuta kanga yake mpaka ikamfunika uso, na aliyekaa naye akamshika bega. Kisha watu wakaanza kusogea karibu na ubao kimyakimya, na walipofika hawakusoma. Waligusa. Mzee mmoja alipitisha kiganja juu ya herufi ya kwanza ya Mkwajuni kama anayepangusa vumbi.

Mhandisi alifika mkutano ukiwa katika hali hiyo. Ni mtu mpole, kijana bado, na viatu vyake vilikuwa vimejaa tope kwa sababu gari lake lilikwama njiani. Alisalimia, akautazama ubao, akanitazama nikisogea kuusoma tena, akaniashiria kwa mkono kwamba nisihangaike. Alikwisha kuelewa. Hakuwa hata ameketi.

Pampu iliyopatikana kwa sasa ni moja. Alinyoosha kidole akaweka juu ya jina kubwa kuliko yote.

"Tuanze hapa," akasema. "Hapa hakuna wa kubisha."

Hakuna aliyebisha. Mwenyekiti wa kijiji alinishika mkono kwa mikono yake yote miwili. Katika miaka yangu yote ya kazi hii sijapata kuona ombi likijibiwa papo hapo, tena mbele ya waombaji. Nililia kidogo, na sikuona haya kwa sababu wengi walikuwa wakilia.

Dada Somoe alikuwa amekaa nyuma, chini, miguu ameinyoosha juu ya mkeka. Alisubiri watu wapungue. Kisha akainuka, akaja ubaoni, na kweli aliinama. Dada alijifunza kusoma katika madarasa ya watu wazima wakati tukiwa vijana, na husoma taratibu, kwa midomo. Alianzia Mkwajuni, akateremka na mto, akalitafuta jina la kwao mpaka akalipata kwenye kona.

"Mbona limelala?" akaniuliza.

Nikamweleza kuhusu herufi zilizoinama. Nikamweleza kwamba, kwa kuwa Rukia hakupatikana, isingekuwa sahihi kumweka pamoja na waliozikwa.

"Na mbona dogo hivi?"

Nikamweleza kuhusu idadi.

Nilidhani anatafakari kanuni. Alikuwa anatazama pale chini, kwenye lile neno ambalo ningeweza kulifunika kwa kidole.

"Issa, mdogo angu," akasema, "ulitaka tufe wangapi ndipo tuandikwe vizuri?"

Shajara, nina maneno mengi. Watu wamenijia kutoka Mahurunga na mbali zaidi kwa sababu ya maneno yangu. Hapo nilinyoosha kwa kidole ukingo wa karatasi.

Akaendelea kwa sauti ile ile ya chini, hakunigombeza. Alisema sasa ni Asha ndiye anayechota, yule mdogo wa Rukia. Alisema wao Mianzini ni nyumba chache, na kila nyumba ina mtu mmoja wa kushuka mtoni. Alisema amesikia vizuri kwamba pampu inakwenda Mkwajuni na anawaombea heri, wale nao wamezika. Kisha akasema hivi:

"Tutoe hapo. Toa jina letu kwenye ubao wako. Bora tusiwepo kuliko kuwepo hivyo."

Hapa ndipo ninapoona aibu kuandika. Nilimjibu. Nilimwambia kwamba waraka ukishawasilishwa na kupokelewa na mamlaka husika, hauwezi kubadilishwa na upande mmoja. Nilimwambia kwamba pendekezo lake limesikika na litazingatiwa katika awamu zitakazofuata.

Ni maneno hayo hayo. Nimeyapokea katika bahasha miaka yote hii, nikayachukia, na nikayajua kwa moyo, na yalipohitajika yakatoka kinywani mwangu yakiwa yamepangika vizuri, nikimwambia mama aliyefiwa, dada yangu wa tumbo moja, aliyenibeba mgongoni nilipokuwa mtoto.

Alinitazama.

"Sawa, mwandishi," akasema, akaenda kukunja mkeka wake.

Hajawahi kuniita hivyo. Huniita mdogo angu, au Issa, au akiwa na furaha huniita kwa jina la babu. Watu wote huniita mwandishi na mimi huipokea kama cheo. Jana nilitamani nisiwe nacho.

Chande hakutania njiani. Hilo peke yake lilinitosha kujua. Tulipokaribia mjini ndipo aliposema, bila kuondoa macho barabarani, kwamba nyumba za Mianzini angeweza kuzihesabu kwa vidole akiwa anaendesha. Nilitaka kumwuliza ana maana gani, nikaelewa kabla sijafungua mdomo.

Nimeelewa, na tangu wakati huo sijapata utulivu.

Nilizipima herufi kwa waliodhurika. Sikuzipima kwa wanaoshuka. Mkwajuni ni kitongoji kizima, wanawake huteremka kwa makundi asubuhi na jioni, wakiimba, na wingi wao wenyewe humwogopesha mamba. Mianzini msichana hushuka peke yake. Kama ningeuliza kwanza ni wangapi wanaokanyaga maji yale, kisha nikauliza ni wangapi hawakurudi, Mianzini ingepanda mpaka kushindana na Mkwajuni kwenye ubao. Na kidole cha mhandisi, kilichokuja bila kusoma, pengine kingesitasita. Pengine angeuliza. Pengine pasingekuwa na mtu wa kusema hapa hakuna wa kubisha.

Leo asubuhi nilijaribu. Nimezipanga upya herufi kwa kipimo hicho kipya kwenye mashine hii. Mianzini ilikuwa kubwa. Nikaona Msufini imepungua mpaka ikawa ndogo kuliko zote, na Msufini kuna mzee mmoja aliyezika wake zake wawili. Nikaifuta kazi yote. Kwa kipimo chochote nitakachoshika, kuna mtu atakayeinama kulitafuta jina la kwao. Sikuwahi kulifikiria hilo nilipokuwa ninafurahia kwamba herufi zinaweza kunenepa.

Sisemi kwamba ubao ulikuwa uongo. Mkwajuni walistahili, na wataanza kunywa maji ya kisima kabla ya mvua nyingine, na kuna msichana huko ambaye atakua na kuolewa kwa sababu ya zile karatasi nilizounganisha kwa gundi. Sitamjua, wala yeye hatanijua. Nalishika jambo hilo, ni zito na ni la kweli. Lakini halinipunguzii kitu ninapomkumbuka dada akisoma kwa midomo.

Na lile la kuinama. Nilidhani ni usahihi. Ila mama yule ameishi mwaka mzima na mtoto ambaye hakusimama wala hakulazwa kaburini, na mimi nikaja nikamchapia hali hiyo kwa wino, nikaibandika hadharani, nikaiwekea maelezo pembeni.

Mama Neema ameniletea chai. Ameona ukurasa huu ukiwa mrefu, akauliza kama ni ombi la mtu. Nimemwambia ndiyo.

Maana ni ombi. Nimekaa nalo tangu jana na ndivyo nilivyolielewa hatimaye. Katika mkutano ule wote, kati ya watu wote waliozungumza, dada yangu peke yake ndiye aliyeniomba kitu mimi. Hakuiomba serikali. Aliniomba mimi mwenye ubao, na lilikuwa ndani ya uwezo wangu, na nilimjibu kwa barua ya kukataa.

Kwa hiyo naliamua hapa, na naliandika ili nisije nikalipangua kwa hoja.

Jina la Mianzini nitalibandua kwenye ubao, uliobaki ofisi ya kijiji. Najua gharama yake. Likitoka, hakuna karatasi yoyote itakayosema kwamba Rukia alishuka pale. Gundi niliyotumia ni nzuri, kwa hiyo itachanika na kipande cha mto kitakwenda nacho, na atakayeuona ubao ataona kona iliyochubuka. Nitauacha hivyo. Sitauziba kwa karatasi nyingine, na sitaandika maelezo. Barua ya Mianzini nitaiandika upya, peke yake, na safari hii nitakaa kwanza na dada anieleze anataka isemwe vipi, hata kama atataka isemwe kwa maneno ambayo mimi nisingeyatumia.

Lakini barua itachelewa. Zote huchelewa. Na Asha atachota maji kesho.

Chande ameniambia namna wanavyofanya sasa. Mtoto anashuka kabla jua halijawa kali, na dada husimama ukingoni na mti mrefu wa mwanzi, akiyapiga maji mbele yake wakati ndoo inajaa. Umri wa dada si wa kusimama kwenye tope. Mjomba wa mtoto yupo, ni mzima, ana mikono miwili, anakaa Chuno anachagua unene wa herufi.

Gari la kwanza la Kitaya huondoka mapema. Nitapanda hilo, mvua ikate isikate, na kama Asha atakuwa amekwisha kuchota nitalala huko nisubiri asubuhi nyingine. Taipureta nitaiacha. Nitamwomba dada anipe ule mwanzi.

Sijui kama atanipa. Akiniita mwandishi nitaitika, kisha nitavua viatu, niingie majini, nisimame mbele ya mtoto.